Jim Rice: alikuwa mpigaji wa daraja la kwanza, au jina lilimzidi?

Januari 12, 2009, chama cha waandishi wa besiboli wa Marekani kilitangaza matokeo ya kura za Ukumbi wa Mashuhuri, ule wa Cooperstown, New York. Wapiga kura walikuwa 539. Waliomwandika Jim Rice walikuwa 412, sawa na asilimia 76.4. Kiwango cha kuingia ni asilimia 75, kwa hiyo kura 405 zingemtosha. Alivuka kwa saba. Ulikuwa mwaka wake wa 15 kwenye karatasi ya kura, na kwa kanuni za wakati ule hapakuwa na wa 16.

Mara ya kwanza jina lake lilipopigiwa kura, mwaka 1995, alipata asilimia 29.8. Rice alistaafu mwaka 1989. Kati ya 1995 na 2009 hakushika gongo, hakupiga mpira, hakuongeza wala kupunguza chochote kwenye rekodi yake. Namba ni zilezile, na taasisi inayopiga kura ni ileile. Iweje theluthi moja isiyotimia igeuke kuwa robo tatu na ushee?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili msomaji ajue ninakoelekea. Kwa miaka mitatu, 1977 hadi 1979, Rice alikuwa miongoni mwa wapigaji bora kabisa wa Marekani, na anayebisha hilo hajazitazama namba. Kwa miaka 12 alikuwa mpigaji mzuri sana. Lakini ukimpima kwa maisha yake yote ya uchezaji, hakuwa wa daraja lile ambalo watetezi wake walimweka, na hoja iliyomwingiza Cooperstown, kwamba warushaji walimwogopa kuliko mtu yeyote, ndiyo hoja dhaifu kuliko zote alizokuwa nazo.

Kwa asiyeufahamu mchezo huu: mrushaji anarusha, mpigaji anajaribu kuupiga mpira kwa gongo kisha akimbie kupitia vituo vitatu hadi arudi alipoanzia. Akirudi, timu imepata mkimbio mmoja. Mpira ukivuka uzio wa uwanja bila kugusa chini, hiyo ni homurani, na wote waliokuwa vituoni wanarudi nyumbani pamoja naye. Mrushaji akikosea shabaha mara nne, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure. Kila timu ina nafasi ya kutolewa wachezaji watatu kabla zamu haijageuka. Hayo yanatosha kwa leo.

Rice alizaliwa Anderson, South Carolina, mwaka 1953, na Boston Red Sox walimchukua mwaka 1971. Alipanda timu kubwa mwaka 1974 na hakuwahi kuvaa jezi ya timu nyingine mpaka anaondoka. Mwaka 1975, msimu wake kamili wa kwanza, alipiga kwa wastani wa .309, yaani mapigo safi (yanayomfikisha mpigaji kituoni) takriban 309 kwa kila majaribio 1,000, na kuingiza mikimbio 102. Mwaka wowote mwingine angekuwa gumzo la mji. Kwa bahati yake mbaya, chipukizi mwenzake wa timu hiyohiyo, Fred Lynn, alitwaa tuzo ya chipukizi bora na ya mchezaji bora wa ligi kwa mpigo. Kisha Septemba mpira wa mrushaji wa Detroit ukamvunja Rice mkono, na World Series, fainali ya ubingwa, ya mwaka ule, moja ya zile zinazosimuliwa mpaka leo, akaitazama tu.

Sasa mwaka 1978. Hapa nataka tukae kidogo.

Rice alicheza michezo yote 163 ya Boston. Alipiga wastani wa .315, homurani 46, mikimbio aliyoingiza 139, mapigo safi 213, na kati ya hayo mapigo 15 ya vituo vitatu, jambo ambalo wapigaji wa nguvu hawalijui kabisa kwa sababu linataka miguu. Ukijumlisha vituo vyote alivyovipata kwa mapigo yake, unapata 406. Hakuna aliyekuwa amefikisha 400 tangu Hank Aaron alipozigusa barabara mwaka 1959. Katika Ligi ya Amerika peke yake, moja ya ligi mbili kuu na ndiyo ya Boston, lazima urudi hadi kwa Joe DiMaggio mwaka 1937. Na baada ya Rice, ilipita miaka 19 ndipo Larry Walker akafika huko, mwaka 1997. Zaidi ya hayo, kati ya 1977 na 1979 Rice alipiga mapigo safi 206, 213 na 201, na homurani 39, 46 na 39. Misimu mitatu mfululizo yenye mapigo 200 na homurani 35 au zaidi haijawahi kufanywa na mtu mwingine.

Hata hivyo tuzo yake ya mchezaji bora wa ligi ya 1978 ilikuwa na mgogoro. Mshindani wake alikuwa mrushaji wa New York Yankees, Ron Guidry, aliyeshinda michezo 25 na kupoteza mitatu, akiruhusu chini ya mikimbio miwili kwa kila mchezo kamili. Boston walikuwa wameiacha Yankees michezo 14 nyuma mwezi Julai. Wakalegea, wakafikiwa, msimu ukaisha sare, ukahitajika mchezo wa 163 kuamua. Oktoba 2, Fenway Park, Guidry akiwa mrushaji. Katika awamu ya sita Rice alimpiga Guidry pigo safi lililoingiza mkimbio wa pili wa Boston. Kisha Bucky Dent wa Yankees, mtu asiyetarajiwa na yeyote, akapiga homurani ya mikimbio mitatu juu ya ukuta wa kushoto, na mambo yakageuka.

Awamu ya tisa, ya mwisho, Yankees wanaongoza 5-4, Rice anasimama kupiga akiwa na wenzake wawili vituoni, mmoja tayari ametolewa. Aliupiga mpira mrefu upande wa kulia, ukadakwa. Mkimbiaji wa kituo cha pili akasogea cha tatu. Ila dakika chache kabla ya hapo, Lou Piniella, mlinzi wa kulia wa Yankees, alikuwa ameupoteza mpira kwenye mwanga wa jua, akaukamata ulipodunda kwa kubahatisha, na mkimbiaji yule akasita, akabaki cha pili badala ya kufika cha tatu. Angekuwa cha tatu, pigo la Rice lingemrudisha nyumbani na mchezo ungekuwa sare. Carl Yastrzemski, mwenzake wa Boston, akafuata, akainua mpira hewani, ukadakwa, msimu ukaisha.

Natoa habari hii kwa sababu moja: mpigaji wa besiboli anahukumiwa kwa mambo ambayo nusu yake hayamhusu. Pigo lilelile la Rice ni mkimbio wa kusawazisha au ni mpira uliodakwa, kutegemea jua lilikuwa machoni mwa nani. Hoja zote zinazofuata zinaegemea hapo.

Ukuta wa Fenway

Fenway Park ulifunguliwa mwaka 1912 katikati ya mitaa, ukajengwa kwa umbo ambalo barabara ziliruhusu. Upande wa kushoto kuna ukuta wa kijani wenye urefu wa mita 11 na ushee, na pale ulipo karibu zaidi ni takriban mita 94 tu kutoka kwa mpigaji. Mtu anayepiga kwa mkono wa kulia, kama Rice, mipira yake ya nguvu huelekea kushoto. Yaani alikuwa na shabaha kubwa, ya karibu, mbele ya macho yake, kwa nusu ya michezo yake yote.

Namba za maisha yake yote zinasema hivi: nyumbani alipiga wastani wa .320, ugenini .277. Homurani nyumbani 208, ugenini 174. Kipimo kinachojumlisha uwezo wa kufika kituoni na nguvu ya mapigo kilikuwa .920 nyumbani na .789 ugenini. Hiyo ya ugenini ni ya mpigaji mzuri. Sio ya mtu wa kuogopwa.

Watetezi wake walikuwa na jibu, na si la kipuuzi. Ukuta unatoa na unanyang'anya: mpira wa juu unaotua tu ng'ambo ni homurani ya zawadi, lakini mpira wa kasi unaokwenda chini-chini, ambao kwingine ungevuka uzio, hapo unagonga ukuta na kurudi. Rice alikuwa mpigaji wa mipira ya kasi. Ni kweli alipoteza homurani kadhaa. Lakini mpira uliogonga ukuta bado ni pigo safi, mara nyingi la vituo viwili, na ndiyo maana tofauti kubwa haiko kwenye homurani bali kwenye wastani wa kupiga. Karibu kila mchezaji wa Boston alipiga vizuri zaidi nyumbani. Rice alifaidi ukuta kihalali, hakuna aliyemkataza. Ila anayetaka kumlinganisha na watu waliocheza kwingine lazima aondoe mchango wa ukuta kwanza.

Kipo kipimo kinachofanya hivyo, kinachoweka mpigaji wa kawaida kwenye 100 baada ya kurekebisha kwa uwanja na kwa zama. Rice wa 1978 anapata 157, na wa 1979 anapata 154. Hizo ni namba za wakubwa. Kwa maisha yake yote anapata 128. Nitarudi kwenye namba hiyo.

Hofu

Kampeni ya kumwingiza Rice Cooperstown ilisimama juu ya neno moja lililorudiwa mpaka likawa kama cheo: hofu. Warushaji walimwogopa. Wachezaji wa zamani walihojiwa wakasema ndiyo, walimwogopa. Siwatuhumu kusema uongo. Lakini hofu ya mrushaji ina njia ya kujionyesha uwanjani. Kocha akimwogopa mpigaji, humpa kituo cha kwanza kwa makusudi: heri huyu asimame pale bure kuliko kumpa mpira wa kupiga. Kila tukio la namna hiyo limehesabiwa.

Rice katika misimu 16 alipewa kituo kwa makusudi mara 77. George Brett wa Kansas City, wa zama zilezile na ligi ileile, alipewa mara 229. Eddie Murray, aliyejenga jina lake Baltimore katika ligi hiyohiyo, mara 222. Wote wawili walicheza michezo mingi zaidi, lakini si mara tatu zaidi. Rice hakuwahi kuongoza ligi kwa jambo hili hata mwaka mmoja.

Kuna utetezi mmoja ambao naukubali nusu: nyuma yake walikuwa wakipiga watu kama Lynn, Yastrzemski na Carlton Fisk, kwa hiyo kumpisha Rice ilikuwa kukwepa mvua na kuingia mtoni. Sawa. Lakini kuna sababu ya pili isiyopendeza. Rice hakuwa na subira. Mipira iliyorushwa nje ya eneo alikuwa akiifuata. Katika maisha yake yote alipata vituo vya bure 670 tu na kutolewa kwa kushindwa kuupiga mpira mara 1,423. Kwa mpigaji wa namna hiyo, kocha hana haja ya kumpisha kwa makusudi. Anamwambia mrushaji arushe nje kidogo na asubiri. Labda hofu ilikuwepo, na labda dawa yake ilijulikana pia.

Wakimbiaji na lawama

Hapa niwageukie wapinzani wake, maana nao walimwonea. Silaha yao kubwa ilikuwa pigo la kutolewa wawili: mpigaji anaupiga mpira wa chini kuelekea kwa walinzi wa ndani, wao wanamtoa mkimbiaji aliyeko mbele na kisha mpigaji mwenyewe, yaani pigo moja limeua nafasi mbili. Mwaka 1984 Rice alifanya hivyo mara 36, rekodi ya msimu mmoja. Mwaka uliofuata, mara 35. Aliongoza ligi kwa balaa hilo miaka minne mfululizo.

Namba hizo zinatisha mpaka ujiulize zimetoka wapi. Ili utolewe wawili, lazima kuwe na mwenzako kituo cha kwanza. Miaka hiyo mbele ya Rice walipiga Wade Boggs na Dwight Evans, watu wawili waliokuwa hodari kuliko karibu wote katika kufika kituoni. Kila Rice aliposimama, mtu alikuwa akisubiri. Kama mshambuliaji wa kati anayeletewa krosi 20 kwa mchezo, alifunga nyingi na kupaisha nyingi. Msimu huohuo wa 1984 wenye pigo la kutolewa wawili mara 36, aliingiza mikimbio 122.

Kwa hiyo wapenzi wake walibeba mikimbio 122 wakanyamazia zile 36, wapinzani wakabeba 36 wakanyamazia 122, na kumbe zote mbili zilitoka kwenye kisima kimoja. Huwezi kuchota upande mmoja tu. Kati ya 1975 na 1986 hakuna mtu wa Ligi ya Amerika aliyepiga homurani nyingi kuliko zake 350 wala kuingiza mikimbio mingi kuliko yake 1,276. Mambo hayo mawili ni ukweli mtupu. Lakini homurani ilikuwa yake peke yake, mikimbio alisaidiwa.

Mwenzake wa chumba kimoja

Sasa ile 128. Dwight Evans alicheza upande wa kulia wa uwanja wa nje wa timu ileile, kwenye nyasi zilezile, akipiga mbele ya ukuta uleule. Hakuna haja ya kurekebisha chochote. Kipimo chake cha maisha yote ni 127. Homurani zake 385, za Rice 382. Wastani wa Rice, .298, unaushinda wa Evans wa .272 kwa mbali, na ndio watu walikuwa wakiutazama kwenye magazeti. Lakini Evans alipata vituo vya bure 1,391, zaidi ya mara mbili ya Rice, na kwa hiyo alifika kituoni kwa kiwango cha .370 dhidi ya .352 cha Rice. Mchezo una nafasi tatu tu za kutolewa kila zamu. Anayekataa kutolewa ana thamani hata kama hapigi kelele.

Na hapo hatujafika kwenye ulinzi. Evans alishinda Glavu ya Dhahabu, tuzo ya walinzi bora, mara nane. Rice hakushinda hata moja. Alilinda upande wa kushoto, na kocha Johnny Pesky alimfundisha kwa miaka jinsi ya kucheza mbele ya ukuta, akawa mlinzi wa kutosha, na michezo zaidi ya 500 alikuwa mpigaji tu asiyelinda. Kipimo cha WAR, kinachokadiria ushindi ambao mchezaji aliongeza kuliko ambao mtu wa akiba angeongeza, kinampa Rice takriban 48 na Evans takriban 67. Walinzi wa kushoto walioko Cooperstown wana wastani wa 65 hivi. Naongeza tahadhari: kupima ulinzi wa upande wa kushoto wa Fenway ni kazi ngumu, kwa sababu ukuta unameza mipira ambayo kwingine ingedakwa, na kipimo kinaweza kumlaumu mlinzi bure. Mpe Rice pointi tano za huruma. Bado pengo halizibiki.

Evans alidumu misimu minne zaidi, na hapo ndipo Rice alipoumia. Baada ya 1986, mwaka aliopiga .324 na Boston wakafika World Series, aliporomoka ghafla: homurani 13, 15, kisha 3. Julai 1988 kocha Joe Morgan alimwita benchi na kumwingiza Spike Owen, mchezaji mdogo wa umbo, ili aguse mpira tu kusogeza wakimbiaji. Rice alimvuta Morgan kwenye njia ya kuingilia vyumbani, akasimamishwa michezo mitatu. Alikuwa na miaka 35. Misimu mitatu mizuri zaidi ingemvusha homurani 400 na kumbakiza na wastani wa .300, na makala hii isingekuwepo.

Basi nini kilibadilika kati ya 1995 na 2009?

Kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1990 homurani zilifumuka. Mark McGwire alipiga 70 mwaka 1998, Barry Bonds 73 mwaka 2001. Mbele ya hizo, 46 za Rice zilionekana za mtu wa kawaida. Kisha kashfa ya dawa za kuongeza nguvu ikalipuka, na Desemba 2007 ripoti ya George Mitchell, seneta wa zamani aliyeongoza uchunguzi, ikaorodhesha majina. Ghafla 382 zilizopigwa bila shaka yoyote ya dawa zikapendeza. Mwaka 2007 Rice alikuwa na asilimia 63.5, mwezi mmoja baada ya ripoti, Januari 2008, akafika 72.2, pungufu ya kura 16. Wapiga kura walikuwa wakiihukumu zama moja kwa hasira za nyingine.

Pili, wapiga kura ni waandishi, na Rice hakuwa rafiki wa waandishi. Aliwajibu kwa mkato au hakuwajibu. Sina njia ya kupima hilo lilimgharimu kura ngapi miaka ya mwanzo. Najua tu kwamba alikuwa nyota Mweusi kwenye klabu ya mwisho katika ligi kuu kumchezesha mchezaji Mweusi, mwaka 1959, na kwamba alianza kazi Boston mwaka uleule mji ulipowaka kwa ugomvi wa mabasi ya kuchanganya wanafunzi wa rangi mbalimbali. Asiyetaka kuzungumza na magazeti ya mji ule mwaka 1974 hakuhitaji kueleza sababu.

Tatu, ulikuwa mwaka wa mwisho. Mwanadamu akiambiwa sasa au basi, mkono unalainika.

Kuingia kwake hakuniudhi. Mtu aliyefikisha vituo 406 kwa msimu ana haki ya kukumbukwa mahali fulani, na Cooperstown ina watu dhaifu kuliko yeye. Ninachokataa ni sababu iliyotolewa. Angeingia kwa 1977 hadi 1979, ningesaini. Aliingia kwa hofu, na hofu ikipekuliwa inatoa 77.

Evans alipigiwa kura na waandishi kwa miaka mitatu tu, 1997 hadi 1999, akaondolewa kwenye karatasi kwa kushindwa kufikisha asilimia 5. Desemba 2019 kamati maalumu ya watu 16 ilimjadili upya. Zilihitajika kura 12, akapata 8.